Leptop nyembamba ya kazi nzito: jinsi ya kuipima kabla hujatoa hela (mwongozo kamili)

Wakuu, swali ni lile lile linarudi: mbona leptop kali inakuwa nzito ikipewa kazi ndefu? Mtu kanunua leptop kali, nyembamba, procesa ya i7 au Xeon, RAM 32GB, kadi ya grafiki ya Quadro ndani, karatasi ya dukani inasoma vizuri kabisa, alafu akifungua mradi wa Lumion (programu ya kutoa picha na filamu za majengo) au akianza kutoa video ndefu, dakika kumi za kwanza anafurahi, baada ya hapo feni zinapiga kelele, mashine inakuwa nzito na kibodi haishikiki kwa moto. Anadhani kapigwa. Mara nyingi hajapigwa, mashine ni nzima, ila ameinunua kwa namba zinazoelezea dakika ya kwanza wakati kazi yake yeye inaanza dakika ya thelathini.

Nazungumzia zile leptop za kitaalamu zilizokondeshwa: Dell Precision za 5000 (5520, 5530, 5540, 5550 na wadogo zake), Lenovo ThinkPad P1, HP ZBook Studio. Ukizikuta Kariakoo au kule Luthuli Nairobi, nyingi zimeshatumika maofisini Ulaya au Marekani, kwa hiyo huu mwongozo unaangalia zaidi mtumba, ila hatua zote isipokuwa ya 6 zinafaa na kwa mpya.

## Uwe na nini kabla hujaanza

- Faili lako halisi la kazi, lile kubwa linalokutesa, sio la majaribio.
- Flashi yenye HWiNFO64 (inasoma joto na wati), Cinebench R23 (inapima procesa) na CrystalDiskInfo (inakagua diski). Zote ni za bure. Shusha nyumbani kabisa, usitegemee intaneti ya duka.
- Simu yenye bando, ya kuwasha hotspot.
- Bisibisi ndogo za kufungulia mfuniko wa chini. Precision za 5000 za zamani zinatumia Torx T5, sio nyota ya kawaida.
- Chaja ya hiyo hiyo mashine. Muuzaji akisema "chaja yoyote inaingia", ngoja ufike hatua ya 5.
- Saa moja na nusu ya kukaa dukani bila haraka. Hii ndo watu wengi hawana, na ndo inayowagharimu.

## Hatua ya 1: Pima kazi yako kwenye mashine uliyonayo

Fungua mradi wako mkubwa kuliko yote, fanya kazi kama kawaida, alafu bonyeza Ctrl+Shift+Esc uangalie ile kurasa yenye michoro (Performance). Kama huna mashine kabisa omba ya mwenzako nusu saa.

Andika vitu vitatu. RAM imefika ngapi wakati kila kitu kiko wazi, na kivinjari pia, maana hakuna anayefanya kazi bila kivinjari. Kumbukumbu ya kadi ya grafiki imefika ngapi. Na procesa inafanya nini pale unapokwama.

Hapo kwenye procesa kuwa makini. Ukiona imekaa asilimia 10 mpaka 15 huku programu imeganda, usidhani procesa imelala, ni kiini kimoja kinahangaika peke yake na vingine vinatazama. Revit na AutoCAD ziko hivyo kwa kazi nyingi za kuchora. Kumwongezea mtu wa namna hiyo viini 8 badala ya 6 hakumsaidii kitu.

Utajua umefaulu ukiweza kusema sentensi kama hii: "Kazi yangu inakula RAM 22, kadi ya grafiki inajaa 4GB, na ninapokwama ni wakati wa kurenda (kompyuta kutoa picha ya mwisho ya mradi)." Bila sentensi hiyo, unachonunua ni muonekano.

## Hatua ya 2: Jua kazi yako ni ya pumzi fupi au ndefu

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaifuata.

Pumzi fupi ni kazi ambayo procesa inashtuka sekunde chache alafu inatulia: kuchora Revit, AutoCAD, ArchiCAD, kuhariri Photoshop, kupanga tabaka za ramani kwenye QGIS, kuandika kodi za programu. Hapa leptop nyembamba inakimbia karibu sawa na ile nene, kwa sababu joto halijapata muda wa kujaa kwenye yale mabomba ya shaba yanayobeba moto kutoka kwenye procesa.

Pumzi ndefu ni kurenda V-Ray au Blender, kutoa video kwenye DaVinci Resolve, kuunganisha mamia ya picha za droni kwenye Metashape au WebODM, kutoa filamu ya Lumion. Mashine inashikilia nguvu zote dakika 20, saa moja, usiku mzima.

Sasa angalia kinachotokea. Chukua procesa kama i7-8850H ambayo iko kwenye mashine nyingi za 2018. Imeandikwa 45W, kasi ya msingi 2.6GHz, na ya juu 4.3GHz. Karatasi ya dukani itakutajia 4.3. Ile 4.3 ni ya kiini kimoja kwa muda mfupi, na viini vyote 6 vikifanya kazi pamoja inaweza kuvuta zaidi sana ya 45W kama ubaridi unaruhusu. Kwenye mwili mnene, wenye hitisinki (chuma cha kupozea) nzito, itakaa juu muda mrefu. Kwenye mwili mwembamba itapanda, itagonga nyuzi karibu na 100, alafu itajishusha yenyewe ili isiungue. Kati ya 2.6 na 4.3 ndipo hela yako inapopotelea.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo mapitio ya YouTube hayakwambii. Mashine ile imepimwa kwenye chumba chenye nyuzi 20 na kitu. Wewe uko Dar mwezi wa pili, nyuzi 32, feni ya dari inazungusha hewa ile ile ya moto. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka karibu yote kwenye procesa, kwa hiyo mashine iliyokuwa inapumua vizuri kule, huku inaanza kujibana mapema. Aliyeko Arusha, Mbeya au Nairobi anapata unafuu kidogo, aliyeko Mombasa au Zanzibar bila AC ahesabu hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Onyo: kama zaidi ya nusu ya muda wako ni pumzi ndefu, ruka moja kwa moja hatua ya 8 usome kwanza. Labda hutakiwi kununua hii kitu kabisa.

## Hatua ya 3: Soma wati, achana na majina

Kadi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Mfano mzuri ni RTX A2000 ya leptop: NVIDIA wanamruhusu mtengenezaji aipe umeme kuanzia 35W mpaka 95W. Jina ni lile lile kwenye stika. Anayeinunua kwenye mwili mwembamba sana anaweza kupata ile ya chini, na kwenye kurenda tofauti utaiona kwa macho bila kupima. Ukiona neno Max-Q kwenye kadi za nyuma kidogo, maana yake ni hiyo hiyo, imefungwa wati ili ikae kwenye mwili mwembamba.

Kwa hiyo usiulize "ina kadi gani", uliza "kadi inapata wati ngapi". Muuzaji hatajua, sio kosa lake. HWiNFO itakuonyesha wakati kadi inafanya kazi.

Tulinganishe ndugu wawili wa mwaka mmoja, 2018, wanaochukua procesa za aina moja. ThinkPad P1 inaanzia kama kilo 1.7, kadi inaishia Quadro P2000 yenye 4GB, RAM nafasi mbili, mwisho 64GB, chaja 135W. ThinkPad P52 inaanzia kama kilo 2.45, kadi inafika P3200 yenye 6GB, RAM nafasi nne mpaka 128GB, na chaja ya 170W au 230W. Tofauti ya mzigo ni chini ya kilo moja, ukiweka na lile tofali la chaja inazidi. Unachokibeba zaidi ndo hicho, ubaridi, kumbukumbu na umeme. Na sokoni P52 mara nyingi inaenda kwa bei ya chini kuliko P1, kwa sababu watu hawaipendi sura yake. Mi nakwambia, kwa fundi wa kurenda mwenye bajeti ya mtumba hiyo ni bahati.

Kuhusu kumbukumbu ya kadi: ikijaa, haipungui kasi taratibu, inaanguka. Lumion au Blender ikikosa nafasi inaanza kuazima RAM ya kawaida au inagoma kabisa. Kama hatua ya 1 ilikuonyesha 4GB imejaa, usinunue nyingine ya 4GB hata kama ni mpya zaidi.

## Hatua ya 4: Kipi kinabadilika baadaye na kipi hapana

Procesa na kadi ya grafiki kwenye hizi mashine zimechomelewa, hapo hakuna mjadala. RAM ndo ya kuangalia. Precision 5520 mpaka 5550 na P1 za mwanzo zina nafasi mbili za RAM ya kuchomeka, kwa hiyo unaweza kununua yenye 16 ukaongeza taratibu. Nyembamba nyingi za miaka ya karibuni RAM imechomelewa kwenye mazabodi, ulichonunua ndo hicho mpaka mwisho. MacBook Pro vile vile, na hapo kumbuka pia Revit na SolidWorks ni za Windows tu.

Fungua mfuniko kama muuzaji anaruhusu, au tafuta jina kamili la modeli kwenye kitabu cha huduma cha mtengenezaji. Usikubali "inaongezeka" ya mdomo.

Watu wa SolidWorks, Creo na CATIA: kwenu Quadro na zile RTX za kitaalamu zina maana, kuna vitu kama RealView ya SolidWorks (kuonyesha kitu kama kilivyo halisi wakati unachora) vinataka kadi iliyothibitishwa. Watu wa Lumion, Blender na Resolve hamhitaji hiyo, GeForce ya leptop ya gemu inawatosha na ubaridi wake kwa kawaida ni mkubwa zaidi, ila mvumilie taa za rangi rangi mbele ya mteja.

## Hatua ya 5: Umeme, chaja na skrini

Betri kwanza. Mashirika ya ndege yanaruhusu betri ya leptop mpaka 100Wh bila kuomba ruhusa, ndo maana watengenezaji wanaishia 97 au 99. Sasa piga hesabu: mashine inayovuta 120W ikirenda, betri ya 97Wh hata ikiwa mpya haifiki saa. Na haitavuta hivyo, kwa sababu ukichomoa chaja mashine yenyewe inashusha kadi na procesa. Kwa hiyo lile neno "saa 10 za betri" ni la kuandika barua na kuangalia PDF.

Umeme ukikatika katikati ya kurenda, leptop inakuokoa faili, haikuokoi muda. Hapo ndo nyembamba inapata pointi moja kubwa: chaja ya 130W unaiendesha kwa inveta ndogo na betri ya sola bila tabu, ile ya 230W inaimaliza betri mapema au inaizima inveta ya bei rahisi. Mwenye jenereta hana shida hiyo.

Chaja sasa. Dell wanaweka chipu ndani ya chaja inayosomwa kupitia ile pini nyembamba ya katikati. Mashine isipoitambua chaja, inakataa kuchaji betri na inashusha kasi ya procesa makusudi. Watu wamebadilisha mpaka mazabodi kumbe shida ni chaja ya mtaani. Zile za USB-C nazo zina mtego, Precision 5550 inataka 130W, ukiichomeka kwenye chaja ya 65W ya leptop nyingine itakubali lakini kwa kujivuta.

Skrini: 4K kwenye inchi 15 ni nzuri machoni na mbaya kwenye betri. Kama hufanyi rangi za picha au video, chukua FHD (1920x1080), utapata muda zaidi wa chaji na programu za zamani hazitakuonyesha vitufe vidogo visivyosomeka.

## Hatua ya 6: Ukaguzi wa dukani kwa mtumba

Anza na mwili. Iweke mezani imefungwa, uitazame kwa ubavu. Kama haikai sawa, au kipande cha kugusa kimeinuka, au kinabonyea kwa shida, betri imevimba. Betri kwenye hizi nyembamba inalala chini ya kipande cha kugusa, kwa hiyo hapo ndo inajionyesha kwanza. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, na usikubali kuibeba hivyo hata kwa punguzo, labda ibadilishwe mbele yako.

Alafu ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka) kwa kubonyeza wakati wa kuwasha: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikiomba pasiwedi, iache hapo hapo. Kwenye ThinkPad pasiwedi ya msimamizi ikisahaulika suluhisho la kampuni ni kubadilisha mazabodi. Ukiwa humo ndani tafuta neno Absolute au Computrace, ikiwa imewashwa inawezekana mwenye mali wa zamani bado ana uwezo wa kuifuatilia na hata kuifunga.

Kuna kufuli jingine la kisasa ambalo wengi hawalijui. Mwambie muuzaji airudishe Windows mwanzo kabisa, alafu wakati wa kuiweka unganisha hotspot yako. Ikitokea skrini inakukaribisha kwa jina la kampuni fulani na kuomba barua pepe ya kazi, hiyo mashine bado imesajiliwa kwao. Kupiga Windows upya hakuondoi, usajili umefungwa kwenye mazabodi yenyewe. Na usikubali ufupisho wa "ukiiweka bila intaneti haiulizi". Itauliza siku utakayoirudisha mwanzo ukiwa nyumbani.

Procesa iwe kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia hapo kwa Intel nyingi.

Mwisho fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, utapata ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Chini ya asilimia 60, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mazungumzo. CrystalDiskInfo ikuonyeshe rangi ya bluu kwenye SSD, njano ni ya kukata bei au kuondoka.

## Hatua ya 7: Jaribio la nusu saa

Mashine iwe mezani, chaja imechomekwa, Windows iko kwenye nguvu ya juu. Kama duka lina AC kali, omba msogee sehemu ya kawaida, la sivyo unapima AC ya muuzaji.

1. Washa HWiNFO64 upande wa sensa peke yake. Tafuta joto la procesa, wati za procesa, na mstari wa thermal throttling (procesa kujishusha kwa sababu ya joto).
2. Washa Cinebench R23, chagua jaribio la viini vyote. Lenyewe linakwenda dakika 10. Andika alama.
3. Rudia papo hapo bila kupumzisha. Andika. Rudia mara ya tatu.
4. Sasa fungua faili lako, renda kitu cha kweli ili procesa na kadi zifanye kazi pamoja. Hapa ndo nyembamba zinaumbuka, kwa sababu mabomba yale yale yanabeba moto wa pande mbili.

Namna ya kusoma: kugonga nyuzi 95 mpaka 100 sekunde za mwanzo ni kawaida ya hizi mashine, usitishike. Angalia wati zinatulia wapi baada ya dakika tano. Procesa ya 45W ikitulia 45 au zaidi, safi sana. Ikitulia 35, ndo maisha ya mwili mwembamba. Ikianguka chini ya 25, kuna vumbi, pesti ya kupozea procesa imekauka, au feni moja imekufa, na hiyo inaweza kutengenezeka kwa hiyo ni ya kupunguziwa bei. Ikishuka ghafla mpaka 0.8GHz na kung'ang'ania hapo, jaribu chaja nyingine ya asili, ikiendelea achana nayo.

Tazama pia asilimia ya betri. Ikiwa inashuka huku chaja imechomekwa, mashine inavuta kuliko chaja inavyotoa.

Utajua umefaulu kama alama ya mara ya tatu haijashuka zaidi ya kama asilimia 15 kutoka ya kwanza, na mikono inaweza kukaa kwenye kibodi wakati wa kurenda. Muuzaji akisema unaichosha mashine, mwambie ndo kazi iliyotengenezewa. Anayekataa kabisa jaribio hili amekujibu tayari.

## Hatua ya 8: Amua

Chukua nyembamba kama unahama kila siku, ofisi, saiti, kwa mteja, unapanda mwendokasi au bodaboda na begi mgongoni, na kazi yako kubwa ni kuchora na kuonyesha. Kurenda kwako kunakuja mara moja moja na unaweza kukuacha usiku.

Chukua nene (P52, P53, Precision 7530, ZBook 15) kama unarenda karibu kila siku lakini bado unalazimika kuhama. Utaibeba kwa kulalamika ila itamaliza kazi.

Na kama kompyuta yako inatoka nyumbani mara mbili kwa mwezi, nunua ya mezani, alafu chukua leptop ndogo ya bei nafuu ya kuingilia ile ya mezani kwa mbali kupitia intaneti. Kwa hela ile ile kadi ya mezani inaiacha mbali ya leptop, na ikiharibika unabadilisha kipande. Kikwazo ni umeme: bila UPS ya maana, kila katizo ni kazi iliyopotea, na mtaa wenye mgao ubadilishe hesabu yako.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza nayo

Mpeleke fundi abadilishe pesti na apulize vumbi kabla hujaanza kazi, hasa mtumba. Inua nyuma yake sentimita mbili tatu, maana inavuta hewa kwa chini. Kitandani na juu ya mto ni marufuku, kule unaziba pua zake.

Zamani tulikuwa tunapunguza volti za procesa kwa programu ndogo na joto linashuka vizuri. Baada ya ule udhaifu wa usalama wa procesa za Intel uitwao Plundervolt kutangazwa Desemba 2019, apdeti nyingi za BIOS zimefunga mlango huo, kwa hiyo usishangae maelekezo ya zamani yakigoma.

Njia iliyobaki ambayo kila mtu anaweza: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya procesa, weka kiwango cha juu 99% badala ya 100%. Hiyo inazima turbo, yaani ile kasi ya juu ya muda mfupi. Procesa itarudi kasi ya msingi, joto litashuka sana, feni zitatulia. Itumie unaporenda kwa kadi ya grafiki, kwa sababu kadi inapata ubaridi uliokuwa unaliwa na procesa na kazi inaweza kuisha mapema zaidi. Ukirudi kuchora irudishe 100%, la sivyo Revit itakuwa nzito na utaanza kumtukana fundi. Kwenye baadhi ya mashine mpya kipengele hicho kimefichwa, hapo tumia programu ya mtengenezaji mwenyewe uchague hali ya utulivu.

Weka kumbukumbu ya zile alama tatu za Cinebench. Baada ya miezi sita rudia chumba kile kile, ikishuka sana jua ni vumbi, mrudishie fundi.